Kuhesabu molekuli za gesi ukiwa Ngao: vidokezo 7

Moli huwatoa jasho wanafunzi wengi wa kidato cha tatu, na pale kijijini Ngao jasho lenyewe linapata usaidizi wa jua la Garsen. Hata hivyo, gesi ni rahisi kuhesabu kuliko chumvi au chuma. Ukishajua ujazo, joto na shinikizo, kazi imebaki ya kugawanya na kuzidisha tu.

1. Kariri namba moja. Moli moja ni chembe 6.022 × 10²³. Mtihani hutosheka na 6.0. Usijisumbue kuipigia picha kichwani: lita moja ya hewa unayovuta ukingoni mwa mto Tana ina molekuli kama 2.4 × 10²², na lau zingekuwa punje za mpunga, wakulima wa dunia nzima wangevuna zaidi ya miaka laki tano kabla ya kuifikia idadi hiyo.

2. Usiulize ni gesi gani. Mwaka 1811 Mwitaliano Amedeo Avogadro alidai kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na shinikizo lile lile, zina molekuli sawa kwa idadi. Lita ya oksijeni na lita ya methani, ile inayobubujika kutoka kwenye matope ya mashamba ya mpunga, hutofautiana uzito mara mbili. Kwa idadi ya molekuli hazipitani.

3. Uliza joto kabla ya kugawanya. Hapa ndipo wengi huteleza. Vitabu vinasema moli moja ya gesi hujaza lita 22.4 au lita 24. Ya kwanza ni ya nyuzi sifuri, joto la barafu, na ya pili ni ya nyuzi 20 hivi. Ngao mchana nyuzi 33 si habari ya kushangaza. Zidisha 22.4 kwa 306, gawanya kwa 273 (joto katika kelvini, ndiyo maana tumeongeza 273), utapata lita 25.1. Shinikizo nalo lina neno lake. Ngao iko chini karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo shinikizo la vitabuni linaifaa. Nairobi, mita 1,700 hivi juu, hewa ni nyepesi, na moli ile ile kwa nyuzi 20 hupita lita 29. Kwa hiyo lita 24 za vitabuni haziifai Nairobi kwa shinikizo, wala haziifai Ngao kwa joto.

4. Hakikisha kwa puto. Pima gramu 4.2 za bikaboneti ya soda, karibu kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Isiwe bekingi poda, ambayo huchanganywa na wanga na itakupunja hesabu. Itie ndani ya puto, weka mililita 100 za siki kwenye chupa ya soda, vika puto mdomoni mwa chupa, kisha liinue. Moli moja ya bikaboneti ni gramu 84, basi unayo moli 0.05, nayo hutoa moli 0.05 za kaboni dioksaidi. Zidisha kwa 25: lita moja na robo, molekuli 3 × 10²². Puto litakaribia upana wa sentimita 13. Likipungukiwa kidogo usishtuke, maana gesi nyingine huyeyuka kwenye siki na mpira wenyewe huibana.

5. Oksijeni hutembea wawili wawili. Moli yake ni gramu 32, si 16. Swali likitaka atomi, zidisha molekuli kwa mbili. Mgonjwa anayepewa lita 5 kwa dakika anapokea moli 0.2, yaani molekuli 1.2 × 10²³ kila dakika. Mtungi mkubwa wa hospitali wa lita 6,800 humtosha saa 22 na dakika 40.

6. Mtungi wa gesi ya kupikia upime kwa mizani. Ndani yake gesi imebanwa ikawa kimiminika, na lita 25 hazifai kitu. Chukulia kilo 6 ni butani tupu, ingawa kwa kweli huchanganywa na propani: gawanya gramu 6,000 kwa 58, upate moli 103. Zikivuja zote jikoni, ni zaidi ya lita 2,500 za gesi nzito inayotambaa sakafuni. Zikiungua, kila moli hutoa moli nne za kaboni dioksaidi, jumla kilo 18. Wacha dirisha wazi.

7. Katika KCSE tumia ujazo uliotajwa mwishoni mwa swali. Mtahini akiandika 24, andika 24. Joto la Ngao halimhusu.