Kabla Dada Yetu Hajaenda Urusi



Mwezi uliopita, baada ya darasa letu la Ijumaa, dada mmoja wa jumuiya alitueleza kwamba amepata ufadhili wa kusomea udaktari Kazan, nchini Urusi. Wenzake wakampongeza. Mimi, kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu na watu wameshaanza kuniita ustadhi kabla sijastahiki, nikakimbilia kumuonya: "Angalia sana, Warusi wote ni wabaguzi." Akaniuliza kwa adabu, lakini bila kupepesa macho: "Kaka, umejuaje? Umewahi kuishi nao?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeona video mbili tatu kwenye simu, basi. Nikamuomba anipe muda nisome. Nilichokipata nakiandika hapa, kwa sababu najua wapo wengine kati yetu wanaojaza fomu za ufadhili huo huo.

Tuanze na lugha. Kirusi kina maneno mawili ambayo sisi huyatafsiri yote kwa neno moja, "Mrusi". Russkiy ni Mrusi wa kabila, wa nasaba. Rossiyanin ni raia wa Urusi, awe wa kabila lolote. Mtatari wa Kazan au Mchecheni ni rossiyanin, lakini si russkiy. Na Waislamu hao hawakuingia Urusi jana. Uislamu ulifika Derbent, huko Dagestan, katika karne ya kwanza ya Hijra, na Wabulgari wa mto Volga, jirani na ilipo Kazan leo, waliupokea rasmi mwaka 922, zaidi ya miaka 60 kabla ya watawala wa Kiev kubatizwa. Hata hivyo, kwa miaka mingi matangazo ya nyumba za kupanga Moscow yalibeba maneno "kwa Waslavu tu". Maana yake Mchecheni mwenye pasipoti ya Urusi asijisumbue kupiga simu.

Jambo lililonishangaza zaidi ni neno "mweusi". Katika Kirusi cha mtaani neno hilo hutupiwa Mwazeri, Mdagestani, Mtajiki, watu ambao wakipita hapa kwetu Buyenzi watoto watawakimbilia wakiita "mzungu, mzungu!" Kwa hiyo rangi yenyewe haina mizani ya kudumu. Mtu huamua kwanza nani ni wa chini, kisha humtafutia rangi.

Historia yake ni nzito. Tarehe 23 Februari 1944 utawala wa Stalin ulianza kuwahamisha Wachecheni na Waingushi, karibu watu nusu milioni, ukiwapakia kwenye mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Asia ya Kati. Mwezi Mei wakafuata Watatari wa Crimea. Walishtakiwa kuwasaidia Wajerumani: kabila zima, pamoja na watoto wachanga na askari waliokuwa bado wanaipigania nchi hiyo hiyo. Wachecheni waliruhusiwa kurudi mwaka 1957. Watatari wa Crimea wengi walisubiri hadi mwisho wa miaka ya 1980.

Na Waafrika? Mwaka 1960 Wasovieti walifungua Moscow chuo cha vijana wa nchi zetu, na mwaka uliofuata wakakipa jina la Patrice Lumumba. Vijana wengi walisomeshwa bure, wakarudi madaktari na mainjinia. Lakini Desemba 1963 mwanafunzi wa udaktari kutoka Ghana, Edmund Assare-Addo, alikutwa amekufa nje kidogo ya Moscow. Wakuu walisema alilewa akaganda kwa baridi. Wenzake waliamini ameuawa kwa sababu alitaka kumuoa msichana wa Kirusi. Mamia ya wanafunzi wa Kiafrika wakaandamana hadi Red Square, wakiufananisha mji huo na Alabama ya Marekani. Miaka ya 2000 vikundi vya vijana wenye vipara viliwapiga na kuwaua Watajiki, Wauzbeki na Waafrika mitaani. Mauaji hayo yamepungua sana tangu hapo. Lakini Machi 2024 magaidi walipoua watu zaidi ya 140 katika ukumbi wa Crocus nje ya Moscow, na washtakiwa wakuu wakawa Watajiki, lawama iliwashukia vibarua na madereva wa teksi kutoka Asia ya Kati ambao hawakuhusika kabisa. Lakini kuna ukweli mwingine wa usiku huo: kijana Mwislamu wa miaka 15, wa familia iliyotoka Kirgizistan, aliyekuwa akitunza makoti ukumbini, ndiye aliyewaonyesha watu wengi mlango wa kutokea.

Nilipofika hapa nilidhani kauli yangu kwa dada imethibiti. Kisha nikakutana na jina la Nikolai Girenko. Alikuwa Mrusi, mtaalamu wa Afrika katika mji wa St. Petersburg, aliyefanya utafiti kuhusu Wanyamwezi wa Tanzania. Alikuwa akiitwa mahakamani kutoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi za vikundi vya kibaguzi. Juni 2004 mtu alibisha hodi nyumbani kwake. Alipokaribia mlango akapigwa risasi kupitia mlango ule ule. Mrusi huyu aliuawa kwa kuwatetea watu wa rangi yangu, nami nilikuwa nimeshamuweka ndani ya neno "wote".

Hapo nikarudi kwa Abu Dharr (r.a.). Alimtukana mtu kwa kumtaja mama yake ambaye hakuwa Mwarabu. Baadhi ya riwaya zinamtaja Bilal (r.a.). Bukhari hamtaji. Mtume (s.a.w.) alimwambia kwamba bado ndani yake mna ujahili. Tazama mahali Bukhari alipoiweka hadithi hii: katika Kitabul Iman, kwenye mlango unaoeleza kuwa maasi ni katika mambo ya ujahili, na kwamba mwenye kuyatenda hakufurishwi kwa ajili yake isipokuwa kwa shirki. Yaani swahaba mkubwa, imani yake ipo, na ujahili nao umo. Na hadithi inaanza miaka mingi baadaye, Rabadha, mtu akishangaa kumkuta Abu Dharr amevaa nguo sawa na ya mtumwa wake. Alipoulizwa sababu, ndipo akakisimulia kisa chake mwenyewe.

Hata Ibn Fadlan, mjumbe wa khalifa wa Baghdad aliyefika Volga mwaka huo wa 922, aliwaona wafanyabiashara walioitwa Rus na kuandika kwamba hawajitwaharishi. Hiyo ni habari. Lakini akaongeza kuwafananisha na punda. Hiyo si habari tena.

Kwa dada, nasema hivi. Nenda, lakini mwaka wa kwanza kaa bweni la chuo, usianze kuhangaika na vyumba vya kupanga. Tembea na vitambulisho vyako, maana polisi husimamisha nyuso za kigeni. Uliza kuhusu hijabu kabla hujasafiri: mkoa wa Stavropol uliizuia shuleni mwaka 2012 na Mahakama Kuu ikaunga mkono mwaka uliofuata, ilhali Kazan ni mji wa Watatari wenye msikiti mkubwa wa Qolsharif. Na Kirusi ukijue vizuri, ili ukitukanwa uelewe, na ukitetewa pia uelewe.

Alipoisoma rasimu hii alicheka kidogo. "Kaka, na yule ndugu wa Ramadhani?" Anamzungumzia mwenzetu aliyesilimu, aliyeshuka kutoka milimani. Sisi wa Buyenzi tunaumia tunapoitwa "Umuswahili" kwa maana ya mjanja asiyeaminika. Lakini jioni ile kwenye futari, alipokosea kutamka dua, niliitania lafudhi yake na kijiji cha mama yake, na watu wakacheka. Tangu siku hiyo hajakanyaga darasani.

Jumatatu nilikwenda chumbani kwake. Alinikaribisha, akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho. Akasema amesikia. Nilipomuuliza kama atakuja Ijumaa, akajibu kwamba ataangalia.