Vioo Viwili Dirishani: Kabla Hujamlipa Fundi

Anayejenga Dar es Salaam, Tanga au Mombasa siku hizi akienda kuagiza madirisha ya aluminiamu huulizwa kama anataka kioo kimoja au viwili. Tofauti ya bei ni kubwa, na wengi huchagua viwili wakiamini nyumba itapoa. Wakati mwingine inapoa kweli. Mara nyingi fedha hiyo ingefanya kazi zaidi mahali pengine, na ndiyo sababu ya kijitabu hiki.

Kilichomo ndani

Vioo viwili vinavyostahili jina hilo huzibwa pamoja kiwandani. Katikati yake huachwa nafasi, kwa kawaida ya milimita 12 hadi 16, yenye hewa kavu au gesi ya argoni. Ukingoni huzungushwa ubapa mwembamba wenye punje za kufyonza unyevu, kisha gundi ya kuziba. Hewa iliyofungiwa humo hupitisha joto polepole. Fundi akikuambia atakuwekea vioo viwili kwenye fremu palepale kwa silikoni, kataa: unyevu wa pwani utaingia katikati, na ukungu wake hauna njia ya kufutwa.

Jua ni jambo jingine

Chukua dirisha la mita moja ya mraba. Nje kuna nyuzi 32, ndani kiyoyozi kimewekwa 24. Kwa tofauti hiyo, kioo kimoja cha milimita 6 hupitisha takriban wati 46, na vioo viwili vya kawaida takriban 22. Umeokoa wati 24.

Sasa jua la alasiri lilipige dirisha hilo upande wa magharibi, tuseme kwa nguvu ya wati 600. Kioo kimoja kisicho na rangi kitaingiza kama 490. Viwili vitaingiza zaidi ya 400. Mwenye nyumba amelipa sana, na sebule bado inachemka! Ulaya, ambako madirisha haya yameenea, shida kubwa ni baridi ya miezi mingi, na huko hesabu huwa tofauti kabisa.

Kinachozuia jua ni utando wa metali, mwembamba usioonekana kwa urahisi, unaopakwa kwenye kioo kiwandani. Vioo viwili vyenye utando mzuri wa kuzuia jua vinaweza kuingiza chini ya wati 200 kati ya zile 600. Tinti pekee haitoshi, kwa sababu kioo cheusi hulinyonya jua, kikapata moto na kurudisha sehemu ya joto hilo chumbani.

Unaweza kuupima utando mwenyewe. Chumba kikiwa na giza, washa kiberiti mbele ya vioo viwili na uvitazame kwa pembeni. Utaona picha nne za mwali, moja kwa kila uso wa kioo. Utando ukiwapo, picha moja itakuwa na rangi tofauti na nyingine. Kwenye nchi ya joto utando ukae uso wa pili kuanzia nje.

Kabla ya yote hayo, weka kivuli nje. Madirisha ya kaskazini na kusini hukingwa vizuri na paa lililotokeza, maana huku jua la mchana huwa juu sana. Ya mashariki na magharibi hupigwa na jua la chini, hivyo yanataka mti, shata au ukuta wa matundu. Pazia la ndani hulipokea jua likiwa limeshaingia. Na kama hutumii kiyoyozi, madirisha yako yanashinda wazi kupitisha upepo, vioo viwili havina kazi, usivinunue.

Panapofaa

Vinafaa ofisi na hoteli zenye viyoyozi mchana kutwa, na nyumba za baridi kama za Njombe au Limuru. Kando ya barabara yenye malori hupunguza kelele, hasa vioo vikitofautiana unene, au kimoja kikiwa cha tabaka zilizogandishwa. Lakini dirisha la kusukuma lenye mianya litaingiza kelele hata kioo kiwe kizuri vipi.

Wanaojenga Nairobi, Arusha au Mbeya waulize vioo vilizibwa wapi. Nairobi ina mwinuko wa takriban mita 1,700, na kanieneo ya hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani. Vioo vilivyozibwa usawa wa bahari vikifikishwa huko, hewa iliyomo huvisukuma vikavimba, gundi ikavutika, na pengine kioo kikapasuka. Ama vizibwe palepale, ama viwe na kijibomba cha kusawazisha hewa. Ila chenye kijibomba hakitunzi argoni, basi usilipie argoni.

Siku ya kufunga

Milango na vioo vilivyo karibu na sakafu viwe vya usalama, na alama ya kiwanda ionekane kwenye pembe. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi tena, kwa hiyo pima tundu baada ya plasta, kamwe si kabla. Vioo vikalie vipande vya mpira, visiguse fremu. Tazama pia matundu ya chini ya fremu yanayotoa maji ya mvua: mafundi wengi huyaziba kwa silikoni wakidhani wanazuia uvujaji, kumbe maji yanatuama na kuila gundi. Kwenye risiti paandikwe unene wa kila kioo, upana wa nafasi, aina ya utando na miaka ya dhamana dhidi ya ukungu wa katikati.