Mwalimu wa Warushaji: Somo la Softiboli

Wasomaji wetu, walio darasani na waliokwisha kutoka shuleni, wanaufahamu mpira wa miguu na mpira wa kikapu kuliko michezo mingine. Hapa Hai Mauna, kama katika mitaa mingine ya Juba, mtoto hahitaji kufundishwa maana ya goli. Lakini somo la leo lahusu mchezo ulio mgeni kwa wengi wetu, nao ni softiboli, ndugu wa besiboli. Hatutaeleza sheria zote za mchezo huo. Tutaeleza kazi moja tu iliyomo, yaani kazi ya mwalimu wa chuo anayewafundisha warushaji wa mpira.

Huenda msomaji akauliza, "Kazi hiyo yatuhusu nini sisi?" Yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, besiboli imekwisha kufundishwa papa hapa Juba, kama tutakavyoona mbele. Pili, kazi hiyo yaonyesha jinsi ujuzi mmoja, ambao kwa macho ni mdogo, unavyoweza kuwa kazi ya maisha. Yaonyesha pia jinsi mwalimu asiyejali anavyoweza kumharibia kijana mkono wake.

MCHEZO WENYEWE

Softiboli ilianza Chicago, Marekani, mwaka 1887. Vijana waliokuwa ndani ya klabu moja siku ya baridi walifunga glovu ya ndondi ikawa mpira, wakatumia mti wa ufagio kuwa gongo. Bwana George Hancock, aliyekuwapo, akaufanya mzaha huo kuwa mchezo wenye taratibu. Baadaye mchezo ukatoka nje, ukaenea.

Timu moja huwa na wachezaji tisa uwanjani. Mrushaji husimama katikati, naye hurusha mpira kwa mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo kisha akimbie. Akiukosa mara tatu, ametolewa. Kwa hiyo kila jambo katika mchezo huanzia mkononi mwa mrushaji.

Katika besiboli mrushaji hutupa mpira kutoka juu ya bega. Katika softiboli sheria yamtaka aurushe kutoka chini, mkono ukipita karibu na nyonga. Wengi hurusha kwa kuuzungusha mkono mzima mduara kamili, kama gurudumu, halafu mpira huachwa unapofika chini. Mpira wenyewe ni mkubwa kuliko wa besiboli: mzingo wake ni kama sentimita 30, hali ule wa besiboli ni kama sentimita 23.

HESABU YA MRUSHO

Watu wasioujua mchezo hudhani kwamba kurusha kutoka chini ni mchezo wa watoto. Tufanye hesabu tuone.

Katika softiboli ya wanawake wa vyuo vya Marekani, umbali kutoka kwa mrushaji hadi kwa mpigaji ni mita 13.1. Mrushaji hupiga hatua kubwa mbele kabla ya kuachia mpira, hata mwendo unaobaki ni kama mita 11 tu. Mrushaji hodari huupeleka mpira kama kilomita 108 kwa saa, ndiyo mita 30 kwa sekunde. Gawanya 11 kwa 30: utapata chini kidogo ya sekunde 0.4.

Sasa chukua besiboli. Umbali ni mita 18.4, na baada ya hatua ya mrushaji hubaki kama mita 17. Mpira ukienda kilomita 144 kwa saa, ni mita 40 kwa sekunde. Gawanya 17 kwa 40: ni sekunde 0.4 na kidogo. Basi mpira wa softiboli, ingawa huenda polepole zaidi, humfikia mpigaji upesi sawa na ule mwingine, kwa kuwa hutoka karibu.

Tena mpira huo hauji kwa njia iliyonyoka. Vidole vikiuzungusha kwa mbele, hewa huusukuma chini, nao huanguka ghafula mbele ya gongo. Vikiuzungusha kwa nyuma, hewa huuinua, nao huanguka kidogo kuliko mpigaji alivyotazamia, hata aapa kwamba umepanda. Vikiuzungusha kwa ubavu, hupinda kando. Na uko mrusho wa hila: mkono waenda kasi ileile, lakini mpira umeshikwa kwa namna nyingine, hivyo watoka polepole, na mpigaji huzungusha gongo kabla haujafika.

KAZI YA MWALIMU

Mwalimu wa warushaji hafundishi timu nzima. Wanafunzi wake mara nyingi ni wachache, watatu, wanne au watano. Kazi yake yaweza kugawanywa katika mambo manne.

La kwanza ni mwili. Mwalimu hutazama miguu kabla ya mkono, maana nguvu ya mrusho hutoka ardhini, hupanda kwenye nyonga na kiwiliwili, na mwisho hufika kwenye kiganja. Mwanafunzi anayetegemea mkono peke yake huchoka upesi na kuumia.

La pili ni vidole. Mwanafunzi hujifunza namna ya kuushika mpira kwa kila mrusho, kisha hurudia mara nyingi akiwa karibu na mdakaji kabla ya kurudi nyuma hadi umbali kamili.

La tatu ni akili. Mwalimu huwachunguza wapigaji wa timu ngeni: huyu hupenda mpira wa juu, yule hana subira. Wakati wa mchezo yeye au mdakaji huchagua mrusho wa kutumia, na habari hupelekwa kwa ishara.

La nne ni moyo. Mrushaji husimama peke yake mbele ya watu wote. Akikosea, kila mtu humwona. Mwalimu humfundisha kuvuta pumzi, kusahau mrusho uliopita, na kuufikiria ule ulio mbele.

NJIA YA KUIFIKIA KAZI HIYO

Huko Marekani kazi hii ilipata nguvu baada ya sheria ya mwaka 1972, iliyokataza shule na vyuo vinavyopata fedha za serikali kuu kuwabagua wanafunzi kwa ajili ya kuwa wa kike au wa kiume. Vyuo vikalazimika kuwapa wasichana nafasi katika michezo. Mwaka 1982 chama kikubwa cha michezo ya vyuo kikaanza mashindano yake ya softiboli ya wanawake. Palipo na timu hapana budi pawepo na walimu.

Njia ya kawaida ni hii: msichana hurusha mpira akiwa shule ya sekondari, huchukuliwa na chuo, huchezea chuo akisoma, halafu akimaliza hubaki kuwa msaidizi kwa ujira mdogo. Akionyesha bidii hupata kazi kamili ya kuwafundisha warushaji. Wengine hufika kuwa walimu wakuu wa timu.

Mfano mkubwa ni Joan Joyce, aliyezaliwa mwaka 1940 katika jimbo la Connecticut. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mchezo wa kukusanya fedha za hisani, alirusha mpira kwa Ted Williams, mmoja wa wapigaji wakubwa kabisa wa besiboli, na Williams akashindwa kumpiga. Mwaka 1974 Joyce alikuwa katika timu ya Marekani iliyotwaa ubingwa wa dunia. Alipokuwa mtu mzima wa makamo alikabidhiwa kuanzisha timu ya softiboli katika Chuo Kikuu cha Florida Atlantic, iliyoanza kucheza mwaka 1995. Aliiongoza mpaka alipofariki mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka 81, baada ya kushinda michezo zaidi ya 1,000. Tazama basi: nguvu za mkono wake zilikwisha zamani, bali ujuzi wake uliendelea kulipa.

MKONO WA KIJANA

Hapa tumefika kwenye jambo zito kuliko yote katika somo hili. Kwa miaka mingi watu walisema kwamba kurusha kutoka chini ni desturi ya mwili, na kwamba hakumdhuru mtu. Kwa hiyo mrushaji mmoja aliweza kutumiwa mchezo baada ya mchezo, siku baada ya siku. Uchunguzi wa waganga umeonyesha kwamba bega la mrushaji wa softiboli hubeba mzigo unaokaribiana na ule wa mrushaji wa besiboli.

Wajapani husimulia habari za Yukiko Ueno. Katika Olimpiki ya Beijing, mwezi Agosti 2008, alirusha michezo mitatu katika siku mbili. Jumla ya mirusho yake ilikuwa 413, na Japani ikaishinda Marekani ikapata medali ya dhahabu. Softiboli iliondolewa Olimpiki baada ya hapo, ikarudi Tokyo mwaka 2021. Ueno alikuwapo tena, akiwa na miaka 39, na Japani ikashinda tena.

Habari hiyo yasisimua, lakini yafaa isomwe kwa akili. Ueno alikuwa mtu mzima wa miaka 26, mwenye mafunzo ya miaka mingi, na zile zilikuwa siku za mwisho za mashindano makubwa. Mwalimu anayemrushisha mtoto wa miaka 14 hivyo kwa ajili ya kikombe cha shule ameuza mkono usio wake. Ndiyo maana mwalimu mwema huhesabu mirusho, huandika hesabu hiyo katika daftari, huweka siku za kupumzika, na humwamini mwanafunzi asemaye, "Bega laniuma." Tena huwalea warushaji wawili au watatu, ili asiwe mtumwa wa mmoja.

HABARI ZA KWETU

Sasa turudi Afrika. Mjapani Shinya Tomonari alikuwa mtumishi wa JICA, shirika la ushirikiano la Japani. Alipelekwa Ghana mwaka 1996, na huko, pamoja na kazi ya ofisi, aliifundisha timu ya taifa ya besiboli. Mwaka 2012 akaja Tanzania, akasaidia kuuanzisha mchezo katika shule za sekondari. Mojawapo ilikuwa Azania ya Dar es Salaam, ambako baadaye kilijengwa kiwanja cha besiboli kwa msaada wa Japani. Mashindano ya shule huko yakaitwa Koshien, kwa kufuata mashindano makubwa ya wanafunzi wa Japani yaliyoanza mwaka 1915. Wachezaji huinamiana kwa heshima kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, na walifundishwa maneno matatu: nidhamu, heshima na haki.

Mwaka 2018 Tomonari alikuja Juba kuongoza ofisi ya JICA, na hapa pia akaanza kuwafundisha vijana besiboli. Kumbuka mwaka huo ulivyokuwa. Vita vilivyoanza Desemba 2013 vilikuwa vimewatawanya watu, mapigano ya Julai 2016 yalikuwa yameutikisa mji huu, na mkataba mpya wa amani ulitiwa sahihi Addis Ababa mwezi Septemba 2018. Kuwaweka vijana katika mstari mmoja, wa kabila hili na lile, wakarushiana mpira wakiaminiana, halikuwa jambo dogo. Siku ya Umoja wa Taifa, mashindano ya michezo yaliyoanza Juba Januari 2016, yalikuwa na nia hiyohiyo: vijana wa kila upande wale pamoja, walale pamoja, wacheze pamoja.

Jirani zetu wa Uganda nao wamepiga hatua. Mwaka 2011 timu yao ya watoto ilistahili kwenda mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Marekani, ikanyimwa viza. Hawakukata tamaa. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walifika, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza huko. Uganda inayo pia timu ya taifa ya softiboli ya wanawake.

TUANZEJE?

Mwanafunzi wa Hai Mauna aweza kuanza bila kungoja kiwanja. Chagua ukuta imara usio na dirisha, kwa ruhusa ya mwenyewe. Chora kwa chaki mraba kutoka usawa wa magoti hadi kifuani. Simama mita 5, urushe mpira wowote laini kutoka chini, ukitazama hatua yako na mwisho wa kiganja. Ukiupata mraba mara 8 katika 10, rudi nyuma mita moja. Usizidishe mirusho 40 kwa siku, na pumzika siku moja katikati. Rafiki yako asimame kando na daftari ahesabu, ahesabu kweli. Huyo ndiye ameanza kazi ya mwalimu.

Na ninyi mliomaliza shule, mliocheza mchezo wowote kwa ustadi, msiuweke ujuzi wenu kabatini. Shule nyingi zinaye mwalimu mmoja wa michezo kwa mamia ya wanafunzi. Mtu mmoja akija Jumamosi moja kwa wiki kufundisha jambo moja analolijua vizuri, amewasaidia wengi.

MASWALI

1. Kwa nini mpira wa softiboli humfikia mpigaji upesi sawa na ule wa besiboli, ingawa mwendo wake ni mdogo?
2. Mpira umeachwa mita 12 kutoka kwa mpigaji, nao waenda kilomita 90 kwa saa. Utafika baada ya sekunde ngapi?
3. Taja mambo manne ya kazi ya mwalimu wa warushaji. Lipi, kwa maoni yako, ni gumu zaidi, na kwa nini?
4. Mrushaji wako bora asema bega lamuuma, na kesho ni fainali. Andika ukurasa mmoja kueleza utakalofanya na maneno utakayomwambia.