Sabuni Nyingi, Sahani Bado Zateleza: Somo la Kuosha Vyombo vya Kikundi



Vikundi vingi vya akina mama vimenunua vyombo vya kukodisha: sahani, vikombe, karai na masufuria makubwa. Harusi ikifika, au pakiwa na matanga, vyombo vinatoka na pesa inaingia kwa mweka hazina. Hiyo ni kazi njema. Lakini kuna malalamiko ambayo hurudi pamoja na vyombo: "Sahani zenu zinateleza." "Chai ya kwenye vikombe vyenu inanuka sabuni." Basi akina mama wanaongeza sabuni, na mambo yanazidi kuharibika.

Jambo hili si la aibu tu. Mwaka wa 2022 mlipuko wa kipindupindu hapa Kenya ulianza kuonekana baada ya sherehe ya harusi huko Limuru, Kaunti ya Kiambu. Hatusemi kwamba sahani ndizo zilizoleta ugonjwa ule. Tunasema hivi: watu wengi wakila pamoja, kosa dogo la usafi linafika kwa watu wengi. Na watoto wadogo ndio huumia kwanza kwa kuhara.

Shida iko wapi?

Mara nyingi shida si uchache wa sabuni. Shida ni maji.

Maji ya visima virefu, hasa sehemu kavu, mara nyingi huwa "maji magumu." Yamebeba madini ya chokaa kutoka kwenye mawe ya chini. Sabuni ya mche ikikutana na madini hayo, haitoi povu. Inageuka kuwa utando mweupe unaonata kwenye sahani. Mama anaona povu hakuna, anasugua sabuni tena, na utando unaongezeka. Pesa imekwenda, uchafu umebaki.

Sabuni za kisasa za maji zimetengenezwa kwa njia nyingine. Hazifanyi utando huo, na zinatoa povu upesi hata kwenye maji magumu. Lakini tukizimimina kwa mazoea ya zamani, tunatia nyingi mno. Suuza mara moja haiziondoi. Ndiyo sababu chai inanuka sabuni. Na sabuni ya unga ya kufulia tuiache kwa nguo. Imetiwa manukato na vitu vya kung'arisha nguo, si vya kuingia tumboni.

Pimeni maji yenu

Fanyeni hivi siku ya mkutano. Chukueni chupa mbili zinazoonyesha ndani, zilizo sawa. Moja itiwe maji ya mvua hadi nusu, nyingine maji yenu ya kisima. Katika kila chupa tieni vipande vidogo vya sabuni ya mche, kiasi kile kile. Fungeni, mtikise sana. Maji laini yatatoa povu jingi. Maji magumu yatakuwa kama maziwa, na povu kidogo juu. Msitumie sabuni ya maji kwa jaribio hili, kwa maana itatoa povu katika chupa zote mbili.

Mkiona maji ni magumu, njia ni hizi:

- Wekeni maji ya mvua kwa kuoshea. Hayana gharama.
- Kama mvua hakuna, tumieni magadi, yale yale yanayouzwa dukani ya kupikia. Tieni kijiko kimoja kikubwa katika ndoo ya lita 20, koroga, acheni usiku kucha. Chokaa itashuka chini. Mimineni maji ya juu polepole, halafu mpime tena kwa chupa. Kama bado, ongezeni kidogo. Maji haya ni ya kuoshea, si ya kunywa. Msiloweke sufuria za alumini ndani yake, zitakuwa nyeusi.

Makarai matatu na kichanja

1. Kwangueni mabaki yote kwanza. Ukoko wa ugali uloweke kwa maji baridi.
2. Karai la kwanza: maji ya moto kiasi mkono unavyoweza kuvumilia, na kijiko kimoja cha sabuni ya maji. Anzeni na vikombe, kisha sahani, na sufuria zenye mafuta mwisho. Povu likifa, mafuta yamelishinda. Mwageni, mtie maji mapya. Msiongeze sabuni kwenye maji machafu.
3. Karai la pili: maji safi ya kusuuza. Yakianza kuteleza vidoleni, badilisheni.
4. Karai la tatu: maji safi yenye klorini. Kama dawa ni ile ya maji isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 3.5, tieni vijiko vinne vikubwa kwa lita 20. Vyombo vikae ndani dakika mbili. Sufuria za alumini zisiingie humo. Hizo mzimwagie maji yanayochemka.
5. Pangeni vyombo kwenye kichanja, vimeinama, juani. Msipanguse kwa kitambaa. Kitambaa kimoja kilichopangusa sahani mia kimekusanya uchafu wa sahani mia.

Angalieni sana: klorini isichanganywe na siki, limau wala dawa ya choo. Inatoa hewa ya sumu. Iwekwe mbali na watoto.

Vyombo vikuukuu

Sahani ya plastiki iliyokwaruzwa na waya huficha mafuta na vijidudu ndani ya mikwaruzo. Tumieni sponji au kitambaa laini. Zile zilizokwaruzika sana zitolewe, hata kama inauma. Birika au sufuria yenye ukoko mweupe wa chokaa, chemsheni maji na limau ndani yake, msugue, msuuze vizuri. Hakikisheni kwanza kwamba haina klorini iliyobaki.

Kabla ya kukodisha, mama mmoja achukue sahani tano bila kuchagua, apitishe kidole kikavu. Kidole kikiteleza, zote zirudi karaini. Afadhali mteja asubiri nusu saa kuliko kikundi kupoteza jina lake.

Bwana Yesu aliwaambia Mafarisayo waanze kusafisha kikombe kwa ndani (Mathayo 23). Alikuwa akinena habari za moyo. Lakini mama anayeosha vyombo anaelewa mfano huo upesi kuliko mtu yeyote: kung'aa kwa nje hakumlindi mtoto atakayenywea kikombe hicho.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Maji yetu ni magumu au laini? Nani ataleta chupa na maji ya mvua mkutano ujao?
2. Mwezi uliopita tulitumia pesa ngapi kwa sabuni? Tunaweza kupunguza?
3. Je, kila nyumba ya mwanakikundi ina kichanja? Kama hakuna, tutasaidiana namna gani, na tutaanza na nyumba ya nani?