Ushindani wa Biashara ya Kimataifa na Pengo la Ujira: Mfano wa Viwanda vya Mavazi Nchini Kenya

Makala haya yanachunguza jinsi ushindani wa kibiashara unavyoathiri tofauti za ujira baina ya wafanyakazi. Kwa mujibu wa nadharia ya Wolfgang Stolper na Paul Samuelson (1941), nchi yenye wingi wa wafanyakazi wasio na ujuzi maalumu inapofungua biashara, ujira wao hupanda na pengo hupungua. Sheria ya Marekani ya AGOA (2000), iliyoruhusu mavazi ya Kenya kuuzwa huko bila ushuru, ilielekea kuthibitisha dai hilo: maelfu waliajiriwa katika viwanda vya Athi River na Mombasa.

Hata hivyo, viwango vya mgao wa kimataifa vilipoondolewa mwanzoni mwa 2005, mavazi ya Uchina yalifurika sokoni. Ushindani kama huo unapokaza bei, mwajiri hutafuta pa kupunguza gharama. Fundi wa mitambo ni adimu, hivyo ujira wake hauguswi kwa wepesi. Mshonaji hubadilishwa upesi, maana wengi wanasubiri langoni. Waama, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Ni bayana kwamba soko pekee haliwezi kuziba pengo hilo. Uwezo wa mshonaji wa kujadili ujira kupitia chama chake ndio huamua nani atabeba hasara.