KIJIKO CHINI, SHOFERE MZIMA



Somo letu la leo ni juu ya tarakta ndogo yenye kijiko mbele. Mnaijua wote. Hubeba mchanga na changarawe, hufukia mashimo ya barabara mvua ikipita, huondoa takataka za kambi. Kazi iliyotaka watu wengi wenye beleshi na toroli, leo shofere mmoja huimaliza kabla ya saa sita.

Tarakta nyingi za namna hii hununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Tarakta ya kale si mbaya ikitunzwa. Lakini haiji na mwalimu. Mara nyingi kitabu chake kimepotea. Zile zilizotengenezwa kwa wakulima wa Japani, kama Kubota, Yanmar na Iseki, zina hata maandishi ya Kijapani penye vishikio. Basi shofere hujifunza kwa kujaribu, na majaribio hayo humalizikia kwetu dispanseri. Makanika anaangalia chuma. Mimi naangalia mfupa na nyama. Kwa hiyo shikeni sheria moja: KIJIKO CHINI.

1. Kijiko chini ukitembea

Mtu akikaa chini ndani ya pirogi, pirogi hutulia juu ya Lualaba. Akisimama, inayumba. Tarakta ni vile vile. Mzigo ukiwa chini, inatulia. Mzigo ukiwa juu, jiwe dogo chini ya gurudumu moja linatosha kuipindua.

Fanya hesabu. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga uliolowa ina karibu kilo 40. Kijiko kinachoingia ndoo 10 kinabeba karibu kilo 400. Tarakta ndogo nyingi zenyewe hazipiti sana tani moja. Uzito huo wote uko mbele, na magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi. Ndiyo sababu lazima kufunga uzito nyuma, kwa mfano sanduku la saruji. Mtu si uzito: usimsimamishe mwenzako nyuma ili kushikilia tarakta.

Ukitembea na mzigo, kijiko kisipite goti lako. Kinyanyue tu ukiwa umefika penye lori, mahali pa sawa, na ukishamwaga ukishushe. Kwenye kilima, mzigo uelekee juu siku zote: panda ukitangulia mbele, shuka kwa kurudi nyuma. Usikate kilima kwa ubavu.

Matope ya Maniema tunayajua. Tarakta ikikwama, usifunge gogo kwenye magurudumu ya nyuma. Magurudumu yakishindwa kuzunguka, moteri itanyanyua pua ya tarakta yenyewe na kuiangusha juu ya shofere, tena kwa muda usiofika sekunde mbili. Shusha mzigo, jaribu kurudi nyuma polepole, au omba gari lingine likuvute. Na wewe ukivuta kitu, funga mnyororo chini, penye chuma cha kuvutia, usiufunge juu ya ekseli.

Upinde wa chuma nyuma ya kiti ni rafiki yako. Mwaka 1959 nchi ya Uswidi iliamuru kila tarakta mpya iwe nao, na vifo vya kupinduka vilipungua sana kule. Tarakta yenye upinde, funga mkanda. Isiyo na upinde, usifunge mkanda; lakini omba garaji iwekewe upinde wa nguvu uliotengenezwa kwa tarakta hiyo, si bomba lililochomelewa tu.

2. Kijiko chini ukitengeneza

Kijiko kilicho juu kinashikwa na mafuta peke yake. Mpira ukipasuka, au mtoto akigusa kishikio, kinaanguka mara moja. Usipite chini yake hata kuokota spana. Kabla ya kutengeneza, teremsha kijiko mpaka chini, zima moteri, toa ufunguo. Kisha sogeza vishikio vya kijiko huku na huku ili nguvu ya mafuta iishe. Kama kazi yenyewe inataka kijiko kiwe juu, kitegemezwe kwa vyuma imara vya kazi hiyo, si kwa mti wala matofali.

3. Tundu dogo, hatari kubwa

Mafuta yanayonyanyua kijiko yana nguvu mara 50 au zaidi kuliko pumzi ya pine ya gari. Yakitoka katika tundu dogo kama la sindano, yanapenya ngozi. Kwa hiyo usitafute mahali yanapovuja kwa kidole. Vaa miwani, pitisha kipande cha karatoni. Karatoni ikilowa, umepaona.

Sikiliza hapa vizuri. Mafuta yakiingia katika kidole, mara ya kwanza utaona tundu dogo tu, na maumivu si mengi. Utasema, «Si kitu, nitamaliza kazi.» Ndani, mafuta yanaua nyama. Mgonjwa huyu anahitaji daktari wa kupasua saa zile zile. Akingoja kesho anaweza kupoteza kidole au mkono. Usikande, usikamue, usipashe moto. Usile wala usinywe, maana labda utapasuliwa. Njoo mbio, na useme neno hili wazi: «Mafuta ya tarakta yameingia ndani.»

4. Kila asubuhi kabla ya kuwasha

– Pima mafuta ya moteri na ya kijiko. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia; usifanye kazi.
– Tazama maji ya radiatori moteri ikiwa baridi. Kifuniko kikifunguliwa kikiwa na moto, maji yanaunguza uso.
– Mazutu yetu husafiri mbali kabla ya kufika Kindu, na maji huingia katika pipa. Acha pipa litulie, vuta mazutu ya juu, mwaga maji yaliyobaki katika kikombe cha filtri.
– Pukuta filtri ya hewa wakati wa vumbi.
– Tia grisi katika viungo vya kijiko kila saa 10 za kazi.
– Kaza bulo za magurudumu. Pine za pande mbili ziwe na pumzi sawa.
– Tarakta nyingi zina pedali mbili za freni. Barabarani zifungwe pamoja. Ukikanyaga moja tu, tarakta inageuka ghafula.

5. Kwa akina mama na watoto

Tarakta ina kiti kimoja, basi ina mtu mmoja. Mtoto asipande juu ya fenda, wala ndani ya kijiko, hata baba akiwa shofere. Chuma kinachozunguka nyuma kinageuka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Kikishika ncha ya kitenge, hakuna nafasi ya kupiga kelele. Kaeni mbali mpaka moteri imezimwa.

Maswali ya kujipima

1. Ukishuka kilima na mzigo, utatangulia mbele au utarudi nyuma?
2. Mwenzako ana tundu dogo katika kidole na anasema haumwi. Utafanya nini?
3. Kwa nini hatufungi mkanda katika tarakta isiyo na upinde?

Wasomeeni wale wasiojua kusoma, na mjibu pamoja jioni. Shofere akikuta kijiko kimeachwa juu, asiulize nani amekiacha, akishushe kwanza.