Nati ya Ekzosi Iliyoganda: Ipi Uivunje, Ipi Uiache

Majira ya baridi, barabara za Washington, Maryland na Virginia humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Matairi huirusha chumvi hiyo chini ya gari, na kutu huenda mbio. Ekzosi huathirika zaidi kwa sababu kila siku hupata moto mkali kisha hupoa. Ndiyo maana fundi aliyezoea kufungua ekzosi Goma au Dar es Salaam hushangaa akifika huku: nati na bolti zimeshikana kama chuma kimoja.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Moshi wa gari una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Ekzosi ikivuja chini ya sakafu, gesi inaweza kuingia ndani mlimokaa watoto. Pia Virginia hukagua usalama wa magari kila mwaka, na ekzosi inayovuja haipiti. Washington, pamoja na kaunti za Montgomery na Prince George's huko Maryland, hupima moshi. Gari likishindwa, usajili unaweza kukwama, na safari ya kazini pia.

Kabla ya kuanza

Soma mkataba wa nyumba yako. Majengo mengi hayaruhusu kutengeneza gari kwenye maegesho. Fanya kazi nje, mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa na ekzosi imepoa kabisa. Weka vizuizi kwenye matairi na ukalishe gari juu ya stendi. Usiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Vaa miwani, maana kutu hudondokea machoni.

Tambua bolti yako

Hapa ndipo penye akiba au hasara. Kuna bolti inayopita moja kwa moja kwenye vipande viwili vya bomba, yenye kichwa upande mmoja na nati upande wa pili. Hiyo ikikatika si hasara. Mpya huuzwa kwa bei ndogo. Lakini kuna studi, msumari wenye nyuzi uliofungwa ndani ya manifoldi au kichwa cha injini. Hiyo ikikatika, kipande hubaki ndani na huenda kikahitaji kutobolewa. Kwa studi, subira ni pesa.

Kufungua bila kuharibu

1. Sugua nyuzi zilizo wazi kwa brashi ya waya.
2. Pulizia mafuta ya kulegeza kutu. Rudia mara kadhaa, kisha acha yalale usiku kucha.
3. Tumia soketi ya pembe sita inayobana sawasawa. Ya pembe kumi na mbili hushika ncha tu za nati na kuzila. Usitumie spana inayorekebishwa.
4. Gonga nati kwa nyundo mara chache ili kutu ipasuke.
5. Jaribu kwanza kukaza kidogo sana, kisha fungua. Ikisogea, nenda mbele na nyuma huku ukiongeza mafuta. Ukiilazimisha kwa nguvu moja, itakatika.

Mafundi hutumia pia moto: nati ikipashwa hutanuka na kuiachia bolti. Lakini mafuta ya kulegeza kutu huwaka, na tangi la petroli na mabomba yake huwa karibu. Kama hukufunzwa kazi hiyo, usijaribu.

Nati ikishalika pembe

Acha kuizungusha kwa soketi ileile. Chukua soketi iliyo ndogo kidogo, uigongee juu ya nati mpaka ishike. Bora zaidi ni soketi ya kung'oa, ambayo ndani ina meno ya mzunguko yanayouma kadiri unavyofungua. Maduka mengi ya vipuri huazima zana kwa amana, nawe hurudishiwa fedha ukizirejesha. Dukani sema “bolt extractor”. Mafuta yale huitwa “penetrating oil”.

Kama ni bolti ya kupita, unaweza kuikata kwa msumeno wa chuma au grenda, mbali na tangi na mabomba ya petroli. Kama ni studi na haijasogea baada ya siku mbili za mafuta, simama hapo. Mpelekee fundi kabla haijakatika, na uombe makadirio ya bei kwa maandishi kabla hajaanza.

Kurudisha

Weka gasketi mpya na nati mpya, usirudishe iliyolika. Paka nyuzi grisi maalumu ya kuzuia kugandana inayostahimili joto, ili atakayefungua tena asiteseke. Washa injini ukiwa nje, usikilize mlio wa kuvuja kwenye maungio.

Mtu akikushauri uondoe katalitiki na kuweka bomba tupu ili kupunguza gharama, kataa. Sheria ya shirikisho inakataza, na gari halitapita ukaguzi.

Na ikiwa ndani ya gari kichwa kinauma, unahisi kizunguzungu au kichefuchefu, simamisha gari, toeni watu wote nje kwenye hewa safi, mpige 911. Gari hilo lisiendeshwe tena mpaka ekzosi itengenezwe.